Maumivu yapita wapi: historia ya swali la kale

Aristotle alipohesabu milango ya fahamu alipata mitano, na maumivu hayakuwamo. Aliyaweka kando pamoja na raha, kama jambo linaloipata nafsi, na makao ya hisia zote aliyaona moyoni, si kichwani. Hesabu hiyo ilikuja kuachwa. Kisha, baada ya zaidi ya miaka elfu mbili ya kupasua, kupima na kuchoma, sehemu yake ikarudishwa kwa heshima. Kinachopanda kutoka kwenye jeraha ni habari tu. Maumivu yenyewe hutolewa na ubongo, ukiisha kuipima habari hiyo pamoja na hofu, kumbukumbu na hali aliyo nayo mtu. Wataalamu walitafuta njia ya maumivu, wakaipata, na walipoipata wakaona kwamba njia peke yake haitoshi.

Aliyeuhamisha mjadala kutoka moyoni kwenda kichwani kwa vitendo ni Galen, tabibu wa karne ya 2 aliyezaliwa Pergamo, katika Uturuki ya leo, akaanza kazi kwa kuwatibu wapiganaji wa viwanjani. Alikata ugwe wa mgongo wa wanyama walio hai, leo juu kidogo, kesho chini kidogo, akaandika ni kiungo gani kilichokufa ganzi kila mara. Maumivu aliyagawa kwa jinsi yanavyosikika: yanayopwita, yanayochoma, yanayovuta na yale mazito yanayolemea. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alizifikisha aina hizo 15 katika kitabu chake Al-Qanun, na kila aina ikawa dalili ya kumwelekeza tabibu kwenye chanzo.

Wawili hao waliachana kwenye sababu. Galen alishikilia kwamba mwili huuma pale tu unapotenganishwa, yaani panapokatika, panapopasuka au panapovutika kupita kiasi. Ibn Sina akajibu kwamba mabadiliko ya ghafla ya mizaji, joto kwa baridi au baridi kwa joto, yanatosha kuleta maumivu hata kama hakuna kilichokatika. Elimu hiyo ya mizaji ilifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na tiba ya Kiarabu, na mpaka leo mzee wa Lamu au Unguja anayeumwa magoti atasema baridi imemwingia. Mizaji haimo tena katika vitabu vya udaktari, lakini hoja iliyofichama ndani yake, kwamba mtu anaweza kuumwa pasipo jeraha, ilikuwa hoja sahihi, na ilichukua karne nyingi kusikilizwa tena.

Picha iliyotawala baadaye ilichorwa na René Descartes. Mfaransa huyu, aliyeishi miaka mingi Uholanzi, aliandika juu ya mwili wa binadamu mwanzoni mwa miaka ya 1630, akaufungia mswada wake aliposikia kwamba Galileo amehukumiwa Roma. Sehemu hiyo ilichapishwa baada ya kifo chake, kwa Kilatini mwaka 1662 na kwa Kifaransa mwaka 1664. Ndani yake mna mchoro ulionakiliwa na vitabu vingi vya somo hili: kijana amekaa kando ya moto, wayo wake karibu na ndimi za moto, na mstari mwembamba unapanda kutoka mguuni hadi kichwani. Descartes alieleza kwamba moto huvuta uzi ulio ndani ya neva, na uzi huo hufungua kitundu ubongoni papo hapo, kama mtu avutavyo kamba chini na kengele ikalia juu. Jeraha dogo huvuta kidogo, kubwa huvuta sana. Mwili ni mtambo, na maumivu ni mlio wa kengele yake.

Descartes mwenyewe alikuwa na kisa kilichoitikisa picha hiyo. Mwaka 1644 alisimulia habari za msichana aliyekuwa na kidonda kibaya mkononi. Kila daktari alipokuja, msichana alifungwa kitambaa machoni asione. Kidonda kilipooza, mkono ulikatwa karibu na kiwiko bila yeye kuambiwa, na mahali pake pakafungwa vitambaa. Siku zilizofuata alilalamika kuumwa mara kidole hiki, mara kidole kile, cha mkono ambao haukuwapo tena. Descartes alikitumia kisa hicho kuthibitisha kwamba maumivu hutambuliwa ubongoni: neva zilizokuwa zikienda vidoleni sasa ziliishia kiwikoni, na zilipoguswa, ubongo ulisoma vidole. Jibu hilo ni la akili sana, na liliwaridhisha watu kwa karibu miaka 300. Lilikosa jambo moja tu. Halikueleza kwa nini wapo waliokatwa viungo ambao kigutu chao kimepona kabisa, hakuna kinachokigusa, na bado wanaumwa usiku kucha.

Kazi ya kuutafuta uzi wa Descartes kwa kisu ilianza katika karne ya 19. Mwaka 1811 Charles Bell, Mskoti aliyefanya kazi London, aliwagawia rafiki zake kijitabu kilichodokeza kwamba mizizi ya neva inayotoka kwenye ugwe wa mgongo haifanyi kazi moja. Mwaka 1822 François Magendie, mjini Paris, alifungua migongo ya watoto wa mbwa na kulimaliza suala hilo. Alipokata mizizi ya nyuma, mguu uliendelea kujongea lakini haukusikia tena kubanwa wala kuchomwa. Alipokata ya mbele, mguu ulilegea. Hisia huingilia nyuma, amri za misuli hutokea mbele. Bell na wafuasi wake waligombania sifa ya ugunduzi huo miaka mingi, ugomvi ambao kwa sasa hauna faida kwa yeyote.

Kilichokuwa kikifanyika juu ya meza hizo hakina budi kusemwa wazi. Dawa za usingizi hazikuwa zimeingia bado, na njia ya maumivu ilichorwa kwa maumivu ya wanyama waliofungwa kamba. Magendie alipoyafanya majaribio yake mbele ya watu London mwaka 1824, Waingereza wengi walikasirika, na hasira hiyo ilichangia kuzaliwa kwa harakati za kutetea wanyama wa maabara.

Hatua iliyofuata ilitoka kwa mtu wa Bahari ya Hindi. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, Mauritius, mwaka 1817, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1840 alionyesha kwamba ukikata nusu moja ya ugwe wa mgongo, upande uleule hupooza, ilhali ganzi ya maumivu hutokea upande wa pili. Maana yake, habari za maumivu huvuka kwenda upande mwingine mara tu zinapoingia kwenye ugwe, ndipo zipande kichwani. Madaktari bado hukitumia kipimo hicho: aliyechomwa kisu mgongoni akapooza mguu wa kulia huku mguu wa kushoto ukikosa kuhisi sindano, jeraha lake liko kulia.

Wakati huohuo upasuaji ulibadilika. Tarehe 16 Oktoba 1846, katika hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, William Morton alimvutisha etha Gilbert Abbott, aliyekuwa na uvimbe shingoni, na John Collins Warren akauondoa uvimbe huo bila mgonjwa kupiga kelele. Kabla ya kufika Krismasi etha ilikuwa imetumika London. Hadi hapo sifa ya mpasuaji ilikuwa wepesi wa mkono: mguu ulikatwa kwa dakika chache, wasaidizi wakimshikilia mgonjwa. Nusukaputi iliyaondoa maumivu katika chumba cha upasuaji, lakini haikueleza yanavyotokea.

Wala haikuwafikia wote kwa usawa. Kati ya 1845 na 1849, huko Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims aliwapasua mara kwa mara wanawake watumwa waliokuwa na fistula ya uzazi, wakiwemo Anarcha, Betsey na Lucy, bila dawa ya usingizi. Fikra kwamba watu weusi husikia maumivu kidogo kuliko wazungu ilikuwa imeenea miongoni mwa waganga wa Marekani na Ulaya, nayo iliwafaa sana wenye watumwa. Haikufa pamoja na utumwa. Utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Virginia na kuchapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba karibu nusu ya wanafunzi wa udaktari na madaktari vijana weupe waliohojiwa walikubali angalau dai moja la uongo la aina hiyo, kwa mfano kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene zaidi, na waliokubali madai hayo walikuwa wepesi wa kuyapunguza maumivu ya mgonjwa mweusi katika makadirio yao.

Mwishoni mwa karne ya 19 macho yaligeukia ngozi. Magnus Blix huko Uppsala na Alfred Goldscheider huko Ujerumani waligundua, mmoja baada ya mwingine, kwamba ngozi haihisi sawasawa kila mahali: pana nukta za baridi, nukta za joto na nukta za mguso. Max von Frey, katika miaka ya 1890, aliongeza nukta za maumivu. Kifaa chake kilikuwa unywele, wa mtu au wa farasi, uliobandikwa kwenye kijiti. Kila unywele ulikuwa umepimwa ujulikane unahitaji nguvu kiasi gani hadi upinde. Kwa nywele hizo alibonyeza ngozi nukta kwa nukta, akakata shauri kwamba maumivu yana vipokezi vyake, nao ni ncha tupu za neva zilizotapakaa ngozini. Maabara za leo zinatumia nyuzi zenye jina lake, ila sasa ni za nailoni. Goldscheider alimpinga: kwake hapakuwa na haja ya vipokezi maalumu, kwani mguso wowote ukizidi huuma. Mwaka 1906 Charles Sherrington, katika kitabu chake juu ya utendaji wa mfumo wa neva, aliupa upande wa von Frey nguvu kwa kueleza kwamba ziko neva ambazo kazi yake ni kutoa taarifa ya kile kinachoweza kuudhuru mwili.

Jaribio la ajabu kuliko yote ya zama hizo lilifanywa na daktari juu ya mwili wake mwenyewe. Henry Head wa London alichoka na wagonjwa waliojeruhiwa neva ambao hawakuweza kueleza kwa usahihi wanachohisi. Tarehe 25 Aprili 1903 aliwaomba wapasuaji wamkate neva ya ngozi katika mkono wa kushoto na kuziunga ncha zake kwa uzi wa hariri. Kwa miaka minne iliyofuata alikuwa akipanda treni kwenda Cambridge, katika vyumba vya rafiki yake W. H. R. Rivers, anakaa, anafumba macho, naye Rivers anamgusa kwa pamba, kwa pini, kwa bomba la maji ya baridi na la maji ya moto, huku akiandika kila jibu. Hisia zilirudi kwa mafungu. Kwanza ilirudi hisia chafu: pini ilipochoma, mkono uliuma vibaya na maumivu yakatapakaa, lakini Head hakuweza kuonyesha yalikotokea. Hisia safi, ya kuonyesha mahali na kutofautisha mguso mdogo, ilichelewa sana. Nadharia ambayo Head aliijenga juu ya matokeo hayo ilipingwa karibu mara moja na wenzake waliolirudia jaribio. Ila jambo moja limebaki: hisia ya kuuma na hisia ya kujua panapouma zinaweza kutengana.

Tofauti hiyo ilipata vipimo katika miaka ya 1920 na 1930. Joseph Erlanger na Herbert Gasser, mjini St. Louis, waliunganisha neva na mtambo mpya uliochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, wakaona kwamba neva moja ni fungu la nyuzi zenye kasi mbalimbali. Walitunukiwa Nobel ya mwaka 1944. Nyuzi nene za mguso husafirisha habari kwa makumi ya mita kwa sekunde. Habari za maumivu zina nyuzi za aina mbili. Za kwanza, nyembamba zenye utando wa mafuta, huenda kati ya mita 5 na 30 kwa sekunde. Za pili, nyembamba zaidi na zisizo na utando, huenda kama mita 1 tu kwa sekunde. Ndiyo sababu anayejikwaa kidole cha mguu husikia kwanza mchomo mkali unaomfanya aruke, na baada ya kitambo kidogo huja yale maumivu mengine, mazito, yanayokaa na kumfanya achuchumae akishika mguu. Mwisho wa miaka ya 1960 Edward Perl na wenzake walirekodi nyuzi moja moja zisizojibu pamba wala joto la kawaida, zinazoamka tu pale ngozi inapokaribia kuharibiwa. Vipokezi vya von Frey vilikuwa vimeonekana kwa vipimo.

Kufikia hapo kamba ya Descartes ilionekana imepatikana nzima, na wapasuaji walikwisha kuanza kuikata. Mwaka 1912 William Spiller na Edward Martin wa Philadelphia walitangaza kwamba wamekata fungu la mbele na pembeni la ugwe wa mgongo ili kumtuliza mgonjwa wa saratani. Upasuaji huo uliwasaidia wengi, hasa waliokuwa na muda mfupi wa kuishi. Walioishi zaidi mara nyingi walirudiwa na maumivu, pengine mabaya kuliko ya mwanzo, ingawa waya ulikuwa umekatika.

Ushahidi wa upande wa pili, wa jeraha lisilouma, ulikuwapo muda mrefu na ulichukuliwa kuwa hadithi za kusisimua. David Livingstone, kabla ya safari zilizomfikisha Ujiji, alirukiwa na simba huko Mabotsa, kusini mwa Afrika, mwaka 1844. Simba alimng'ata bega na kuuvunja mfupa wa mkono wa kushoto. Livingstone aliandika baadaye kwamba alipokuwa akitikiswa alikuwa na fahamu zake zote, lakini aliingiwa na hali kama ya ndoto, bila maumivu wala hofu. Mfupa huo uliunga vibaya, na mwaka 1874, maiti yake iliyobebwa hadi Bagamoyo na akina Chuma na Susi ilipofika London, madaktari waliitambua kwa kovu la mfupa huohuo.

Askari ndio waliolazimisha suala hilo lijadiliwe. Henry Beecher, daktari wa usingizi kutoka Boston, alihudumia majeruhi wa Kimarekani huko Anzio, Italia, mwaka 1944. Aliwauliza watu waliovunjika mifupa mikubwa, waliopasuliwa matumbo kwa vyuma vya mabomu, kama wanataka dawa ya maumivu. Katika ripoti aliyoichapisha 1946 alieleza kwamba robo tatu ya waliojeruhiwa vibaya hawakuihitaji. Hawakuwa wamepigwa bumbuwazi, kwani walilalamika vizuri tu muuguzi alipokosea kuwachoma sindano. Miaka 10 baadaye alilinganisha na raia waliopasuliwa hospitalini, wenye majeraha madogo zaidi, akakuta wengi wao wanaiomba dawa. Kwa askari, jeraha lilikuwa tiketi ya kurudi nyumbani akiwa hai. Kwa raia lilikuwa mkosi. Ukubwa wa jeraha haukutosha kutabiri ukubwa wa maumivu.

Hapa panahitaji tahadhari, maana kuna tofauti kati ya kutosikia na kutoonyesha. Kijana wa Kimasai anayetahiriwa hutakiwa asipepese hata jicho, na asiyeweza huiaibisha familia yake. Ukimya huo ni ujasiri, si ganzi. Askari wa Beecher hawakuwa wakijikaza. Waliulizwa, na walisema hawaumwi.

Jawabu lililoyaunganisha mambo haya lilitolewa na Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza, waliokutana katika chuo cha MIT. Makala yao ilitoka katika jarida la Science, Novemba 1965. Walisema ndani ya pembe ya nyuma ya ugwe wa mgongo mna lango. Nyuzi nyembamba za maumivu zikileta habari, lango hufunguka. Nyuzi nene za mguso zikileta zao, lango hujifunga kwa kiasi. Na juu ya yote, ubongo wenyewe hushusha amri za kulifungua au kulifunga. Mtoto aliyejigonga goti hunyamaza mama anapomsugua, na hayakuwa tena mambo ya kubembelezwa tu. Wall hakukawia kulijaribu: mwaka 1967 yeye na William Sweet walitangaza kwamba umeme mdogo wa kuziamsha nyuzi nene uliweza kutuliza maumivu ya wagonjwa, na mashine ndogo za namna hiyo zimo katika vyumba vya fiziotherapia hadi leo. Mchoro wao wa seli za lango umeonekana kuwa na makosa, na wapinzani hawakusita kuyataja. Lakini wazo lao kuu limesimama. Ugwe wa mgongo si tena waya unaopitisha kila kitu. Unapima na kuchuja.

Mwaka 1969 David Reynolds alionyesha kwamba umeme kidogo katika kitovu cha ubongo wa panya ulitosha kumfanya apasuliwe tumbo bila nusukaputi. Ubongo, basi, una njia yake ya kuzima maumivu. Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder wa Baltimore, na maabara nyingine mbili, moja New York na moja Uppsala, walithibitisha kwamba seli za ubongo zina vipokezi vya mofini. Hilo lilizua swali la wazi: mwili wa mwanadamu una haja gani na vipokezi vya utomvu wa mmea wa kasumba? John Hughes na Hans Kosterlitz walijibu mwaka 1975 huko Aberdeen, Uskoti, baada ya kukamua bongo nyingi za nguruwe kutoka machinjioni. Mwili hujitengenezea mofini yake. Mwaka 1978 watafiti wa San Francisco waliwachoma waliong'olewa meno sindano isiyo na dawa. Wengine walipata nafuu, na walipopewa naloksoni, dawa inayozuia mofini, nafuu ikaondoka. Matumaini peke yake yalikuwa yameifungua akiba ya mwili.

Picha za ubongo zilizopigwa kuanzia miaka ya 1990 hazikupata chumba kimoja cha maumivu. Sehemu moja husoma mahali na ukali, nyingine hubeba adha yake. Mjini Montreal, mwaka 1997, Pierre Rainville na wenzake waliwashikisha watu maji ya moto huku wamelazwa kwa hipnosia. Walipoambiwa kwamba maji yale hayakeri, ukali wa joto ulibaki uleule lakini kero ilipungua, na ni sehemu ya pili ya ubongo iliyobadilika. Kile ambacho Aristotle alikiita jambo la nafsi kilikuwa kimepatiwa anwani.

Upande wa chini, ngozini, nao ulifunguliwa. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali ambazo katika uvimbe huzifanya neva ziwe nyepesi kushtuka. Mwaka 1983 Clifford Woolf, katika maabara ya Wall huko London, alionyesha kwamba hata seli za ugwe wa mgongo zinaweza kubaki zimeshtuka baada ya jeraha, kiasi kwamba mguso wa shuka ukauma kama moto. Hapo maumivu sugu yalipata maelezo: si kengele inayolia kwa sababu ya moto, ni kengele iliyoharibika.

Ufunguo wa mlango wa kwanza kabisa ulikuwa pilipili. David Julius na wenzake huko San Francisco walitafuta jeni inayoifanya seli iijibu kapsaisini, kitu kinachowasha katika pilipili, na mwaka 1997 wakatangaza protini inayojulikana kama TRPV1. Protini hiyo hufunguka kwa kapsaisini, na hufunguka vilevile kwa joto linalozidi nyuzi 43 za Selsiasi. Anayekula pilipili huhisi moto kwa sababu neva zake zinatumia kilango kilekile. Julius aligawana Nobel ya mwaka 2021 na Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, aliyegundua vilango vya mguso na msukumo.

Viumbe wachache waliokosa sehemu fulani ya mtambo huu wamefundisha mengi. Fuko wasio na manyoya, wanaoishi kwa makundi chini ya ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia, hawashtuki wakipakwa tindikali au kapsaisini. Hivyo ndivyo utafiti uliochapishwa 2008 ulivyoonyesha. Mashimo yao yamejaa hewa chafu ya kaboni inayogeuka tindikali mwilini, na mnyama anayeumwa na hali ya nyumbani kwake asingeweza kuishi humo. Kwa binadamu hali hiyo ni hatari. Watafiti wa Cambridge walifika kaskazini mwa Pakistani kumtafuta mvulana aliyekuwa akionyesha viroja mitaani, akijipitisha visu mikononi na kutembea juu ya makaa. Alikuwa amekufa kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka paa la nyumba. Katika familia tatu za eneo hilo zenye watu wa hali kama yake walikuta, mwaka 2006, hitilafu katika jeni ya kilango cha sodiamu kiitwacho Nav1.7. Dawa mpya zimefuata njia hiyo. Mojawapo, inayofunga kilango cha jirani, Nav1.8, iliidhinishwa Marekani Januari 2025.

Elimu ilipokuwa ikisonga hivyo, wodi zilibaki nyuma. Hadi miaka ya 1980 watoto wachanga wengi katika nchi tajiri walipasuliwa wakiwa na dawa kidogo sana ya maumivu au hawana kabisa, kwa kuwa iliaminika neva zao hazijakomaa. Mwaka 1987 K. J. S. Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba watoto njiti waliopewa dawa ya kutosha walivumilia upasuaji vizuri zaidi na walipata matatizo machache. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, kilichotokana na mkutano ulioitishwa na John Bonica karibu na Seattle mwaka 1973, kilitoa tafsiri rasmi ya maumivu mwaka 1979 na kuirekebisha mwaka 2020. Marekebisho hayo yanasema waziwazi kwamba kushindwa kusema hakumaanishi mtu haumwi, na kwamba mgonjwa anaposema anaumwa, kauli yake iheshimiwe.

Katika Afrika Mashariki, mfano ulio wazi ni Uganda. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, kwa ajili ya wagonjwa wa saratani na UKIMWI. Mofini ilinunuliwa ikiwa unga, ikakorogwa na maji na dawa ya kuizuia isiharibike, kisha ikatiwa rangi ili chupa za nguvu tofauti zisichanganywe. Mgonjwa aliinywa nyumbani kwake, na gharama ilikuwa ndogo. Tatizo lililobaki ni madaktari wa kuandika dawa hiyo, ambao vijijini walikuwa hawapatikani. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha sheria na kuwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu ya kuwatunza wagonjwa wa aina hiyo waandike mofini wenyewe.